Kilomita saba

Jioni ya Alhamisi, tarehe 28 Mei 2020, siku tatu baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na askari polisi mjini Minneapolis, Marekani, tulikutana walimu saba kwa njia ya video ili kuandika barua ya shule kwa wazazi, na karibu saa nzima ikaishia kwenye neno moja. Rasimu iliyotoka ofisini ilitaja "kifo" cha Floyd. Mwalimu wa fasihi alitaka iandikwe "kuuawa". Mwenzake akapinga, akisema mahakama haijatamka lolote na kwamba shule ya Kanisa haina haki ya kumtangulia hakimu. Mimi nilikuwa nimezima sauti yangu. Niliwaza kwamba kwa Kiswahili ubishi ule usingefika mbali, kwa sababu tuna kufa, tuna kufariki na tuna kuuawa, na simjui mtu wa kwetu ambaye angemwona mwenzake amebanwa shingo kwa goti mpaka pumzi zikamwishia, halafu akatoka mbele za watu kutangaza kwamba fulani amefariki. Sikulisema hilo. Barua ikaenda na neno "kifo", na usiku uleule kituo cha polisi cha wilaya ya tatu ya Minneapolis kikateketea kwa moto huku tukitazama kwenye televisheni. Jumatatu iliyofuata daktari wa kaunti ya Hennepin anayechunguza maiti alitangaza kwamba kifo kile kilisababishwa na mikono ya watu.

Nilinyamaza kwa sababu nilijiona mgeni aliyeketi sebuleni wakati wenye nyumba wanagombana. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Ruvuma, na nimefundisha hesabu katika sekondari hiyo ya Kikatoliki tangu mwaka 2009. Ilianzishwa na masista, ingawa siku hizi walimu karibu wote ni walei na sista aliyebaki ni mmoja, mzee, anayekuja siku za Misa ya shule. Wanafunzi walio wengi ni Wazungu. Weusi ni kama mmoja kati ya sita, na hao nao si wa aina moja: wapo ambao familia zao zimeishi St. Paul, mji pacha wa Minneapolis, kwa vizazi vinne au vitano, na wapo watoto wa Waliberia, Waethiopia na Wakenya waliojenga maisha yao Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya kaskazini ambako ukiingia dukani siku ya Jumamosi unaweza kusalimiwa kwa Kiswahili mara mbili kabla hujafika kwenye mchele. Kwa miaka kumi na moja nilijihesabu kuwa sehemu ya kundi hili la pili na kuliona kundi la kwanza kama watu wenye historia yao, ambayo ningeiheshimu kwa mbali kama ninavyoheshimu makaburi ya watu wengine.

Habari yenyewe inajulikana duniani kote, lakini kwetu ilikuwa mtaani. Floyd alishukiwa kulipa kwa noti bandia ya dola 20 katika duka lililo kwenye kona ya barabara ya 38 na Chicago Avenue, na askari Derek Chauvin akamwekea goti shingoni. Aliyeirekodi video, Darnella Frazier, alikuwa na miaka 17 na alikuwa amekwenda dukani hapo na binamu yake wa miaka tisa. Alikuwa rika moja na wanafunzi wangu. Ndicho walichokitaja mara kwa mara katika vipindi vya video vya wiki ile, maana korona ilikuwa imetufungia majumbani. Hawakuuliza sana juu ya askari. Waliuliza kama wao wangeweza kuishika simu bila mkono kutetemeka kwa muda mrefu namna ile.

Wiki ya kwanza ya Juni tulikusanyika kwenye uwanja wa michezo kwa ajili ya sala, tukiwa tumevaa barakoa na kuachiana nafasi. Padre aliomba tupige magoti kimya kwa dakika 8 na sekunde 46, muda uliokuwa ukitajwa kila mahali, na kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu nikapewa saa. Hadi leo namba ile inanisumbua. Katikati ya mwezi waendesha mashtaka walirekebisha, wakasema ni 7:46. Kesi ilipoanza mwaka uliofuata, muda ukapimwa upya kwa video za kamera za askari, ikawa dakika 9 na sekunde 29. Siku ile uwanjani sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba dakika ya nne ilipotimia nilidhani saa imesimama, nikaitikisa. Mbele yangu mvulana wa kidato cha pili alikuwa ameinua goti moja na kulibadilisha na la pili, kisha akarudia la kwanza, na suruali yake ilikuwa na madoa mawili ya kijani ya nyasi. Hakuna aliyekohoa. Magari yalikuwa yakipita barabarani kama kawaida.

Kulikuwa pia na maboksi ya msaada. Maduka mengi ya Lake Street, mjini Minneapolis, yalikuwa yameungua katika ghasia au kufungwa, na familia za eneo lile hazikuwa na pa kununua maziwa, kwa hiyo ukumbi wetu wa michezo ulijaa nepi, mchele na mafuta ya kupikia ndani ya siku mbili. Jamii yetu ililifanya jambo hilo vizuri mno, kwa sababu ndilo tunalolijua, na sina neno la kulisema zaidi ya hilo.

Tarehe 3 Juni Papa Fransisko alizungumzia Marekani katika katekesi yake ya Jumatano. Alisema hatuwezi kuvumilia wala kuufumbia macho ubaguzi wa rangi wa namna yoyote huku tukidai kutetea utakatifu wa kila uhai wa binadamu, na akasema pia kwamba ghasia hazileti faida yoyote na mengi hupotea kwazo. Barua pepe zikaanza kumiminika kwa mkuu wa shule. Wazazi waliotaka shule iseme zaidi walimtumia sentensi ya kwanza, na waliotaka inyamaze walimtumia ya pili. Alitusomea baadhi katika kikao, akacheka kwa uchovu, akasema Baba Mtakatifu amekatwa vipande viwili kama mkate na kila mmoja amechukua upande wenye siagi.

Kisha ukafika mwezi ambao umenifanya niandike haya. Majira yale, wahitimu weusi wa shule nyingi za Marekani walifungua kurasa mtandaoni za kusimulia yaliyowapata darasani, bila kutaja majina yao, na wa kwetu wakafanya vivyo hivyo. Nilizisoma simulizi hizo jikoni usiku, mke wangu akiwa amelala. Mmoja alieleza jinsi alivyopewa nafasi ya mtumwa katika igizo la somo la historia kwa sababu "ingependeza zaidi." Mwingine alisema kwa miaka minne mwalimu mmoja alimwita kwa jina la mwanafunzi mwingine mweusi, na kwamba siku ya mahafali akaitwa hivyo tena. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayesoma habari za jirani. Simulizi ya kumi na kitu ilikuwa hivi, kwa tafsiri yangu: "Niliyemtegemea ni mwalimu wetu wa hesabu, kwa sababu ni Mwafrika. Nilimwendea baada ya kipindi nikamwambia kuna mvulana ameniita nyani. Akaniambia kwao watoto wanatembea kilomita saba bila viatu kwenda shule, na kwamba nikipata alama nzuri hakuna atakayethubutu kuniita hivyo."

Mwalimu wa hesabu Mwafrika shuleni hapo alikuwa mmoja tu.

Ningependa kusema nilijuta papo hapo, lakini jambo la kwanza lililonijia ni hasira. Nilianza kuandika jibu la kueleza kwamba maneno yangu yamekatwa, kwamba nilikuwa namtia moyo, kwamba wazee wetu walitulea hivyo na tukafika tulipofika. Niliandika aya tatu nzuri kabisa. Nilipotaka kuandika ya nne nikamkumbuka. Ilikuwa mwaka 2014, majira ya baridi, saa tisa na nusu alasiri, na nje jua lilikuwa limeshainama kama ilivyo kwa nchi hizi. Alikuwa amesimama kando ya meza yangu huku mkoba umeshamtoka begani na kuning'inia kwenye kiwiko, na wakati anazungumza mimi nilikuwa naendelea kusahihisha karatasi. Nakumbuka hata swali lililokuwa mkononi mwangu, la mlinganyo wa kipeo cha pili. Uso wake siukumbuki, kwa sababu sikuuinua wangu.

Maneno yale ya kilomita saba hayakutoka hewani. Wengi wetu tunaokuja Marekani kutoka Afrika Mashariki tunafika tukiwa tumeshafundishwa jinsi ya kuwatazama Wamarekani weusi, kwa sinema, kwa maneno ya wenzetu waliotangulia, na zaidi kwa sifa. Mzungu atakuambia, akiwa na nia njema kabisa, kwamba nyinyi mliotoka Afrika mna bidii na adabu. Hamalizi sentensi. Hataji ni nani asiye na bidii, nawe unaipokea sifa hiyo mkono wa kulia na kuiweka mfukoni. Nilikuwa nimeiweka mfukoni miaka kumi na moja. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, na mimi nilikuwa nimeamua kwamba anayenyolewa si mwenzangu.

Kesho yake nilimpigia simu mtunza maktaba wetu, mama wa Kimarekani mweusi aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alizaliwa Rondo, mtaa wa watu weusi wa St. Paul ambao serikali iliupasua katikati kwa barabara kuu ya I-94 kati ya miaka ya 1950 na 1960, ikibomoa mamia ya nyumba, ya wazazi wake ikiwa mojawapo. Alibatizwa katika parokia ya St. Peter Claver, parokia ya Wakatoliki weusi tangu karne ya 19. Yeye huniita "Mwalimu", neno pekee la Kiswahili analolijua, na mimi humwita Mama, jambo ambalo mwanzoni lilimshangaza kisha likamkaa. Nilimsomea simulizi ile, nikamwambia ninayesemwa ni mimi, nikaanza kuomba radhi.

"Usiniombe mimi, Mwalimu," alisema. "Sikuwa mimi niliyesimama mezani kwako."

Nikamwambia sikuwahi kujiona kuwa sehemu ya ugomvi huu. Akakaa kimya, kisha akaniuliza kama huwa natembea na pasipoti ya Tanzania kwenye gari, ili askari akinisimamisha usiku nimwonyeshe kwamba mimi si mweusi wa hapa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeulizia kitabu ambacho muda wake wa kurudishwa umepita.

Katika katekisimu tulifundishwa kwamba kitubio kina majuto, maungamo na malipizi, na padre wa utotoni mwangu alikuwa mkali hasa kwenye lile la katikati. Hukuruhusiwa kupiga magoti na kusema "Baba, nimetenda dhambi" ukaishia hapo. Alitaka dhambi ipi, na mara ngapi. Barua yetu ya Mei ilikuwa na majuto mengi na ya kweli, lakini ukiisoma leo huoni mahali ambapo shule imetaja jambo lolote ambalo yenyewe imelitenda. Nilimweleza mkuu wa shule fikra hiyo, na nadhani aliielewa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu aliniambia: basi hesabu, wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Akanipa daftari za miaka mitatu za wanafunzi waliobakishwa baada ya vipindi kwa adhabu.

Nilizifanyia kazi Julai nzima. Wanafunzi weusi walikuwa mmoja kati ya sita shuleni, na zaidi ya theluthi moja ya majina daftarini. Lakini jumla hiyo haikunieleza mengi kama safu ya mwisho, ile ya sababu. Kwa makosa ambayo saa au karatasi huyathibitisha, kama kuchelewa au kutoleta kazi ya nyumbani, hapakuwa na tofauti yoyote ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye makosa yanayohitaji jicho la mwalimu: utovu wa heshima, sauti kubwa, kiburi. Na sahihi zilizokuwa chini ya baadhi ya mistari hiyo zilikuwa zangu.

Pamoja na daftari hizo tulipitia kitabu cha kanuni za shule, ambacho kilikataza "mitindo ya nywele isiyo ya kawaida" na kutaja kwa majina rasta na misuko yenye shanga. Kawaida ya nani, hakikusema. Bodi ilijadili ukurasa huo mara mbili. Katika kikao cha pili mama mmoja mweusi, daktari, alifungua kamera akiwa amesuka, akasema ndivyo alivyokuwa chumba cha wagonjwa mahututi usiku mzima, kisha akazima kamera yake. Kanuni ilifutwa mwezi wa Agosti. Mwaka 2023 jimbo zima la Minnesota likapitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa nywele, na kwa mara ya kwanza nadhani shule yetu ilikuwa mbele ya serikali kwa jambo fulani lisilohusu michezo.

Si wote waliofurahi. Mfadhili mmoja aliondoa ahadi yake. Baba mmoja alipiga simu kusema analipa karo ili mtoto afundishwe dini, si siasa, na mkuu wa shule akamtumia barua ya kichungaji ya maaskofu wa Marekani ya mwaka 1979, inayosema waziwazi kwamba ubaguzi wa rangi ni dhambi. Maaskofu waliandika juu ya jambo hili mwaka 1958, wakaandika 1968, wakaandika 1979, wakaandika tena 2018. Karatasi hatukuzikosa. Hata hivyo nataka nimtendee haki baba yule, kwa sababu mdogo wake alikuwa askari, na shuleni kwetu walikuwapo watoto wa askari ambao wiki zile waliziishi kwa namna yao. Binti mmoja wa kidato cha pili aliacha kuwasha kamera yake baada ya mwenzake kuandika kwenye ubao wa maongezi maneno juu ya polisi wote. Tulichelewa kuligundua. Tulikuwa tumejifunza kumtafuta aliyenyamaza wa aina moja tu.

Masomo yalipoanza upya Septemba, mwalimu wa dini aliwafundisha habari za Augustus Tolton, na akaniomba nikae darasani. Tolton alizaliwa mtumwa Missouri mwaka 1854. Mama yake alivuka naye mto Mississippi pamoja na ndugu zake, wakakimbilia Quincy, Illinois. Shule ya parokia ya St. Boniface ilimpokea kwa muda mfupi, ikamwondoa baada ya wazazi kulalamika na kutoa vitisho. Baadaye padre wa St. Peter's, Peter McGirr, akamwingiza katika shule yake na kusimama imara mbele ya waumini wake. Hakuna seminari ya Marekani iliyomkubali, hivyo akasomea Roma, akapata upadrisho mwaka 1886, akitarajia kutumwa Afrika. Wakamrudisha Quincy. Mvulana mmoja aliuliza swali ambalo mwalimu hakuwa ameliandalia jibu: shule iliyomtoa na shule iliyompokea zote zilikuwa za Kikatoliki, tena katika mji mmoja? Mwalimu akasema ndiyo. Mvulana akaliandika kwenye daftari lake, akalipigia mstari, na hakuuliza kingine. Kipindi kilichofuata kilikuwa juu ya mapadre Wajesuiti wa Maryland waliouza watu 272, watumwa wao, mwaka 1838 ili kunusuru chuo cha Georgetown kilichokuwa na madeni, na hapo wale waliozoea kuniambia kwamba hesabu hazina uhusiano na dini walinyamaza.

Tarehe 11 Aprili 2021, Jumapili, wakati kesi ya Chauvin ikiendelea mjini, askari alimpiga risasi na kumuua Daunte Wright, kijana wa miaka 20, pale Brooklyn Center. Askari yule alisema alidhani ameshika kifaa cha umeme cha kumlegeza mtu, si bastola. Wright alisimamishwa kwa kibandiko cha usajili wa gari kilichopitwa na wakati, na polisi walitaja pia kikadi cha manukato kilichoning'inia kwenye kioo cha ndani, maana sheria ya Minnesota wakati ule ilikataza kuning'iniza kitu mbele ya macho ya dereva. Amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Jumanne yake nilipigiwa simu na mama mmoja Mkenya ambaye mwanawe alikuwa ametimiza miaka 16 na kupata leseni mwezi uliopita.

"Mwalimu, shikamoo," alianza. Wakenya wengi hawana mazoea ya shikamoo, na aliposema hivyo nilijua ana jambo zito.

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Huyu mtoto nilimzaa Mkenya. Sasa ananiambia yeye ni mweusi wa hapa, na akiwa barabarani hakuna atakayemuuliza mamake alitoka Kisii. Nimjibu nini?"

Nilimwambia mtoto anasema kweli. Nilitamka hivyo taratibu, kwa sababu miezi kumi kabla ningemwambia vingine, na ningemtajia bidii na alama nzuri.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kitu ambacho sijamsikia mwanateolojia yeyote akikijadili. Kwenye kioo cha gari lao kulikuwa na rozari. Ilikuwa ya mama yake mzazi, ya punje za mbao, na iliningʼinizwa pale siku walipolinunua gari ili iwalinde. Aliuliza kama aiondoe. Nilijua jibu la kisheria na nilijua jibu la mama, lakini sikujua la Mkatoliki, na nilipokuwa bado nafikiri nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa na punje zikigongana. Alikuwa ameshaiondoa. Aliniambia ataishona ndani ya mfuko wa jaketi la mwanawe, upande wa kushoto, halafu akasita, akasema hapana, akiingiza mkono mfukoni kuitafuta watadhani anatoa kitu. Tukaishia kwamba ivaliwe shingoni, ndani ya shati.

Hukumu ya Chauvin ilitoka wiki iliyofuata, tarehe 20 Aprili, na kumtia hatiani kwa mashtaka yote matatu. Tulikuwa tumewaruhusu wanafunzi waende nyumbani mapema. Mtunza maktaba alibaki, nami nikabaki, tukasikiliza redio. Hakushangilia. Aliuliza kama nimerudisha vitabu vyangu.

Oktoba ya mwaka ule tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne Duluth, kilomita 250 kaskazini, kwenye kona ya First Street na Second Avenue East. Hapo, tarehe 15 Juni 1920, kundi la maelfu ya watu lilivamia kituo cha polisi na kuwatoa vijana watatu weusi, wafanyakazi wa sarakasi iliyokuwa ikipita, waliosingiziwa kumbaka msichana. Elias Clayton, Elmer Jackson na Isaac McGhie walinyongwa kwenye nguzo ya taa. Polisi walikuwa wameamriwa wasitumie bunduki. Walionyonga walipiga picha, na picha hiyo ikauzwa kama kadi ya posta. Watu watatu tu ndio waliofungwa, tena kwa kosa la kufanya fujo. Mweusi mwingine wa sarakasi ileile, Max Mason, alihukumiwa kwa ubakaji usiothibitishwa, na msamaha wake ulitolewa tarehe 12 Juni 2020, akiwa marehemu miaka mingi, siku kumi na nane baada ya Floyd kuuawa. Tangu mwaka 2003 sanamu za shaba za vijana wale watatu zimesimama hapo ukutani, na wanafunzi wetu waliposimama mbele yao iliwabidi wainue macho kuwatazama.

Mwalimu wa dini aliwaeleza habari za Padre William Powers, aliyejaribu kuwazuia watu wale, akapanda nguzo ileile na kuwasihi waache. Hawakumsikiliza. Nadhani mwenzangu alitaka wanafunzi waondoke na shujaa mmoja Mkatoliki mkononi, na simlaumu, ilikuwa safari ndefu. Lakini binti yule wa askari, ambaye sasa alikuwa kidato cha nne na alikuwa amerudi kuwasha kamera na kuzungumza, aliuliza ni wangapi kati ya waliosimama chini ya nguzo walikuwa wamemsikia padre huyo akihubiri Jumapili iliyotangulia. Hakuna aliyejibu. Alikuwa amesimama karibu na maandishi yanayoeleza amri waliyopewa polisi, na kofia yake alikuwa ameivua. Mvulana wa Kikenya, ambaye kamba ya rozari ilionekana kidogo kwenye ukosi wa fulana yake, alisogea akasimama kando yake, na walikaa hivyo mpaka dereva wa basi akapiga honi.

Usiku ule nilimaliza barua niliyoianza Julai 2020 na kuiacha mara nne. Shule ilikuwa imewaalika wahitimu walioandika zile simulizi wajitambulishe kama wangependa, na binti wa kilomita saba alikuwa amefanya hivyo zamani. Anwani yake nilikuwa nayo zaidi ya mwaka. Sikuweka zile aya tatu. Niliandika kwamba alinijia mwaka 2014 na jambo zito, kwamba sikuinua uso, na kwamba mvulana aliyemwita vile sikumchukulia hatua yoyote wala sikumtajia jina lake mtu yeyote. Niliandika pia kwamba katika miaka mitatu niliwabakisha wanafunzi weusi kwa kiburi kuliko wengine, na nikamwandikia ni wangapi.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Alisema yeye sasa ni muuguzi na kwamba barua ameisoma mara moja na hatairudia. Hakusema amenisamehe, na sikuwa nimeomba aseme. Chini kabisa aliuliza swali moja: je, wewe mwenyewe ulitembea kilomita saba?

Ilinibidi nijibu kweli. Mimi nilisoma shule ya bweni ya kanisa. Kutoka kitandani kwangu hadi darasani zilikuwa kama hatua mia mbili, na viatu nilikuwa navyo.